Birika, Kauri na Sinki: Maneno ya Chumba cha Kuogea

Miezi kadhaa iliyopita alitujia kijana mmoja wa Mbweni, mwanafunzi wa usanifu wa bidhaa, akiwa na karatasi tano za michoro alizozikunja chini ya kwapa. Walimu wake walikuwa wamemtaka abuni seti ya vyombo vya kauri vya chumba cha kuogea: cha kunawia mikono, cha kuogea, cha choo, na tangi dogo la maji ya kusukumia uchafu. Michoro ilikuwa safi, na vipimo vyake vimeandikwa kwa makini. Lakini majina yote yalikuwa ya Kiingereza. Sharti mojawapo la kazi yake lilikuwa kwamba awaonyeshe michoro hiyo watu ambao watavitumia vyombo, kisha aandike maoni yao. Basi akawapelekea kina mama watu wazima wa jirani zake, na kila alipotaka kueleza kipande fulani ni nini alisema "sinki". Cha kunawia, sinki. Cha choo, sinki. Tangi, sinki la juu. Bibi mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Mjukuu wangu, masinki yote haya, nitaoga wapi?"

Kijana alitaka kwetu orodha ya istilahi. Tulimpa maneno machache papo hapo, na kwa hakika tulidhani kazi itakwisha alasiri ile ile. Haikwisha. Tulipoanza kuyapima maneno yenyewe tulitambua kwamba karibu kila moja limehama mahali pake: la tangi limekuwa la kutilia chai, la mahali pa kuogea watu limekuwa la kuogeshea ng'ombe, na la kunawia limezama chini ya ardhi. Katika makala haya tutajaribu kueleza uhamaji huo ulivyotokea, kwa kuwa mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali hawawezi kuchagua neno zuri bila ya kujua neno hilo limepita wapi.

Haikuwa vibaya kwamba suala hili lilizuka Mbweni. Msomaji aliyefika huko, kilomita chache kusini ya Mji Mkongwe, ameyaona magofu ya shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wengi huijua kwa herufi zake UMCA, ilinunua shamba hapo mwaka 1871, na kijiji cha watu waliokombolewa katika utumwa kikajengwa pembeni. Bibi Caroline Thackeray aliiongoza shule hiyo kuanzia mwaka 1877 hadi 1902, na kanisa la Mtakatifu Yohana likakamilika mwaka 1882. Wakazi wa kijiji walitoka bara, kila mmoja na lugha ya kwao, na Kiswahili cha Unguja ndicho kilichowaunganisha. Misheni hiyo hiyo ndiyo iliyotoa kitabu cha sarufi na msamiati cha Edward Steere mwaka 1870, na baadaye kamusi za A. C. Madan za mwaka 1894 na 1903. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, orodha za wamisheni zilikuwa mezani tayari. Kwa hiyo tunapouliza neno fulani lilikuwa na maana gani kabla ya kuja kwa bomba na sinki, twaulizia habari ambazo sehemu yake kubwa iliandikwa na watu wa mduara huu wa Unguja.

Na tuanze na neno lililotushangaza zaidi, yaani birika.

Mtu yeyote wa mjini leo akisikia birika huona buli kubwa la bati au la madini likichemka mekoni. Maana hiyo ni sahihi, nayo ni ya zamani. Lakini kamusi hizo za kwanza ziliweka pamoja nayo maana nyingine, ya tangi la maji lililojengwa kwa mawe na chokaa, ndani ya nyumba au katika kiwanja cha msikiti. Hapana shaka maneno mawili ya Kiarabu yamekutana hapa yakawa moja vinywani mwetu: *birka*, yaani bwawa au hodhi, na *ibriq*, yaani chombo cha kumiminia, ambalo nalo Waarabu walilipata kwa Waajemi, kwao likiwa na maana ya kumwaga maji. Mswahili hakuona sababu ya kuyatenga. Yote mawili yalihusu maji ya kujitakasa. Moja lilikaa na maji, la pili likayamimina.

Birika hili la jiwe ndilo chombo cha kwanza cha chumba cha kuogea katika pwani yetu ambacho twaweza kukielezea kwa uhakika, na mahali pazuri pa kukitazama ni Lamu. Katika nyumba za mawe za mji ule, hasa zile za karne ya 18, kila sehemu ya kulala ilikuwa na chumba chake cha choo na kuogea, na katika pembe ya chumba hicho pana birika lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa laini. Maji hayakuingia kwa bomba; yalitiwa. Mtu hakuingia ndani ya birika kuoga, maana angeyachafua maji ya nyumba nzima. Alisimama kando, akachota kwa kata, akajimwagia, na maji machafu yakatoka kwa mfereji wa sakafuni. Chini kabisa, katika sakafu ya birika, fundi alizamisha bakuli la kauri la Kichina. Na ndani ya maji waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Birika lilipokaribia kukauka, maji ya mwisho yalibaki katika bakuli, na samaki wakaishi humo mpaka likajazwa tena.

Tumekaa hapa kwa makusudi. Kijana wetu wa Mbweni alikuwa amefundishwa, kama wanavyofundishwa wenzake popote duniani, kwamba vyombo vya kauri vya chumba cha kuogea ni uvumbuzi wa Ulaya wa karne ya 19. Kwa upande wa choo cha kusukuma kwa maji ni kweli: Alexander Cumming alipata hataza ya bomba lililopindwa linaloshika maji na kuzuia harufu mwaka 1775, na katika miaka ya 1880 mfinyanzi Thomas Twyford wa Staffordshire, Uingereza, alianza kuuza choo cha kauri cha kipande kimoja. Lakini kauri iliyofungwa kwa chokaa katika chombo cha maji, kwa kazi iliyofikiriwa vizuri, ilikuwako pwani kabla ya hapo. Na si Lamu tu. Bakuli za Kichina zilipachikwa katika mihirabu, katika kuba za misikiti na katika nguzo za makaburi, kama wanavyojua waliotazama makaburi ya Kunduchi na Mambrui. Huko Gede, mji ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, nyumba zina vyumba vya choo vyenye mashimo yaliyojengwa vizuri na mahali pa kunawia. Na hapa kwetu, Unguja Ukuu, vigae vya vyombo vya Kichina vimefukuliwa katika tabaka za miaka ya mwanzo ya biashara ya bahari, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Fundi wa Lamu hakuwa na joko la kuchomea kauri, wala hakuijua siri ya udongo wake. Bali alijua aifanyie nini. Huo nao ni usanifu.

Hapo twafika kwenye neno kauri lenyewe, ambalo lina historia ya kupendeza kuliko yote tuliyoyapitia.

Kauri kwanza ni simbi, yule konokono mdogo wa baharini mwenye gamba jeupe linalong'aa, ambaye alikuwa fedha katika nchi nyingi. Neno lenyewe ni la Kihindi. Katikati ya karne ya 19 makampuni ya Hamburg, likiwamo la O'Swald, yalisomba kauri kutoka Unguja na mwambao huu kwa meli nzima nzima kupeleka Afrika ya Magharibi kufanyia biashara ya mawese. Wazee wetu walimjua kauri kwa macho na kwa vidole: mgumu, mweupe, baridi, laini kama kioo. Kwa hiyo walipotaka kulitaja sahani la Kichina ambalo lina sifa hizo hizo, walilitaja kwa jina la mdudu huyo. Sahani ikawa ya kauri.

Ajabu ni kwamba Waitalia walifanya vivyo hivyo upande wa pili wa dunia. *Porcellana* kwao lilikuwa jina la gamba hilo hilo la simbi, na wasafiri wao walipoviona vyombo vya China wakaviita kwa jina hilo. Kutoka hapo likaingia Kifaransa, Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya. Hatuwezi kusema kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Twasema tu kwamba mtu anayefasiri neno hilo la Ulaya kwa kauri hafanyi makisio wala hakopi. Anaweka picha ile ile mahali pa picha ile ile. Ni mara chache mfasiri hupata bahati ya namna hiyo.

Neno la pili la vyombo hivyo lilikuwa sini, kutokana na jina la Kiarabu la nchi ya China. Vyombo vya sini vilitajwa sana zamani, hasa katika habari za maharusi na za matajiri. Siku hizi neno hili limefifia, na sisi hatuoni haja ya kulifufua katika istilahi za ufundi, kwa sababu linataja mahali kitu kilikotoka na si kitu chenyewe. Chombo kilichochomwa Misri au India hakiwezi kuwa sini. Kinaweza kuwa kauri.

Hamamu tutaipita kwa haraka zaidi, ingawa ndiyo inayowavuta wageni. Sayyid Said bin Sultan alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah, na mapambo yake ya chokaa ya ndege na maua yanaonekana hadi leo. Binti yake, Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Berlin mwaka 1886, ameeleza kwa urefu nyumba za kuogea za jumba la Mtoni alikozaliwa. Naye Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alijenga hamamu ya watu wote mjini, iliyosimamiwa na fundi Haji Gulamhussein. Ikaacha kazi kiasi cha mwaka 1920, lakini mtaa bado unaitwa Hamamni. Kwa lugha, jambo la kukumbuka ni moja. Hamamu ni jengo, tena la joto, lenye kupashwa moto. Si chumba cha nyumbani wala si chombo. Mfasiri anayeandika hamamu mahali pa bafu la nyumba ya mwalimu amempandisha cheo mwalimu huyo kuliko alivyokusudia.

Barghash huyo huyo alileta mjini maji ya chemchemi kwa mabomba, na jambo hili liliibadili lugha kuliko hamamu. Watu wa Unguja waliyaita maji ya mfereji, na mpaka leo Mzanzibari akisema "fungua mfereji" hakusudii handaki la shambani bali ile koki ya ukutani. Bara waliita bomba, neno la Kireno la chombo cha kuvutia maji. Maneno yote mawili ni mazuri na yanaeleweka, na hatuoni sababu ya kulifukuza moja wapo. Ila mwandishi wa orodha ya vifaa akumbuke kwamba "mfereji" mmoja katika hati ya Unguja waweza kumfanya mhasibu wa Dodoma aulize handaki hilo litachimbwa na nani.

Maji yalipoanza kuja yenyewe ukutani, birika lilikosa kazi. Vyombo vipya vikaja na majina yao: beseni, bafu, sinki, tenki. Hatuwalaumu waliotohoa. Kitu kilifika kwa meli kikiwa na jina lake juu ya kasha, na fundi alihitaji neno siku ile ile. Lakini yaangaliwe yaliyotokea kwa maneno ya zamani. Birika likarudi mekoni. Josho, ambalo kwa asili ni mahali pa kuoshea au kuogea, likachukuliwa na idara za mifugo likawa la dawa ya kupe. Leo ukimwambia mtu yuko joshoni atakasirika, na ana haki. Karo, mahali pa kunawia na kumwagia maji palipotengenezwa kwa saruji, huku likiwa lina njia ya kutokea maji machafu, limeteremka na maji hayo mpaka shimoni, na katika miji ya bara karo sasa ni shimo lenyewe la majitaka. (Kenya limepanda tena, likawa ada ya shule, lakini hilo ni neno jingine na safari nyingine.) Choo peke yake hakikutikisika. Na msalani, ambalo kwa heshima ya watu wa pwani limetokana na jina la mkeka wa kuswalia, linaendelea kuwasitiri wenye haya.

Sinki ndilo lililofaidika na fujo hii. Kwanza lilikuwa la kuoshea vyombo na kunawia. Kisha wauzaji wa vifaa vya ujenzi wakaliongezea "sinki la choo", likashika choo cha kukaa na cha kuchuchumaa pia. Neno moja, vyombo vitatu au vinne visivyofanana kwa umbo, kwa kazi wala kwa bei.

Huenda msomaji akadhani huu ni ugomvi wa watu wa kamusi. Hatuna budi kukiri kisa kinachotuhusu. Zamani kidogo tuliombwa kufasiri orodha ya vifaa kwa ajili ya shule moja kisiwani, ambayo haina haja ya kutajwa. Orodha ya Kiingereza ilikuwa na vyombo 12 vya choo cha kuchuchumaa na 4 vya kunawia. Tulikuwa na haraka, na sisi ndio tulioandika "sinki" katika safu zote mbili. Mchapaji akaona neno lile lile mara mbili akajumlisha. Yakaja masinki 16 ya kunawia, meupe, mazuri, yakapangwa ukutani mwa ghala. Vyoo vya wasichana vikabaki mashimo matupu yaliyofunikwa kwa mbao hadi muhula ulipokwisha, na baadhi yao walikuwa wakirudi nyumbani adhuhuri wasirejee tena darasani siku hiyo. Kosa halikuwa la muuzaji. Alileta alichoandikiwa.

Sasa turudi kwa kijana na kazi yake, kwa sababu utengenezaji wa vyombo hivi nao una maneno, na hapa tulimkuta hana hata lile la kukopa.

Chombo cha kauri cha chumba cha kuogea hakifinyangwi kwa mkono wala kwa gurudumu. Udongo mweupe wa kaolini, ambao sisi tunao kwa wingi katika vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam, huchanganywa na udongo mwingine unaonata, mawe ya feldispa na kwatzi yaliyosagwa, na maji, mpaka ukawa mzito wa kumiminika. Kiingereza kina neno lake kwa mchanganyiko huo; sisi tulimwambia kijana aandike "uji wa udongo", akacheka, lakini alipomweleza mama yake alielewa mara moja. Uji huo humiminwa katika kalibu ya plasta. Neno kalibu mafundi wa madini wanalo siku nyingi, nalo latosha kabisa. Plasta hunyonya maji, na udongo ulio karibu na ukuta wa kalibu huganda. Ukifika unene unaotakiwa, uji uliobaki katikati humwagwa, na chombo hubaki kikiwa na uwazi ndani. Kisha hukaushwa polepole, hupakwa utando wa kioo, na huchomwa katika joko kwa joto la nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi. Joko ni neno la wafinyanzi wetu wa vyungu. Tumewasikia watu wakiandika tanuri kwa kila kitu. Tanuri ni la chokaa na la mikate, na mfinyanzi aachiwe lake.

Kuna jambo jingine ambalo lilimtoa jasho. Udongo hunywea unapokauka na kuchomwa, kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi na pengine zaidi. Anayetaka chombo chenye upana wa sentimita 50 lazima kitoke kalibuni kikiwa na 55 au 56. Kwa hiyo kila mchoro una vipimo viwili, na kila kipimo chahitaji jina. Tulimpa "kipimo kibichi" na "kipimo kilichoiva". Vyungu vya nyumbani huwa vibichi na huiva, hatukuvumbua lolote.

Lakini katika kuyatafuta maneno haya tulimwona kijana akibadilisha michoro, na hilo ndilo lililotufanya tuandike. Alipokuja mara ya kwanza, chumba chake kilikuwa cha mtu anayepangusa kwa karatasi, anayeoga kwa kulala majini, na ambaye maji yake hutoka saa zote. Nani katika Mbweni anaishi hivyo? Tulipomweleza birika, aliuliza mtu huchotea nini, kata huwekwa wapi, na maji yanayomwagika huenda wapi. Hakuna hata moja la maswali hayo lililoandikwa katika karatasi zake tano, kwa sababu majina aliyokuwa nayo hayakuyauliza. Siku ya pili alileta karatasi ya sita. Alikuwa amechora birika la kauri la kusimama pembeni mwa chumba, kwa ajili ya siku ambazo mfereji umekauka, lenye ukingo wa kuwekea kata na shimo la bakuli katika sakafu yake, ambamo taka hutua chini na maji ya mwisho huchoteka. Pembeni ya choo aliweka kijirafu cha kopo la kuchambia, kwa urefu wa mkono wa mtu aliyechuchumaa. Akawapelekea tena kina mama. Yule bibi wa kwanza, tumeambiwa, aliitazama karatasi ya sita kwa muda kisha akauliza bei.

Twapendekeza basi, nasi tuko tayari kusahihishwa, kwamba birika lirudishiwe kazi yake ya zamani katika istilahi za ujenzi, liwe tangi la kuchotea lililo ndani ya chumba. La mekoni litajieleza lenyewe kwa kuitwa birika la chai, kama wengi wanavyosema tayari. Hodhi, neno la Kiarabu ambalo watu wa misikitini hawajaliacha, liwe chombo cha kulala ndani na kuoga, ili bafu libaki kuwa jina la chumba, maana kwa sasa bafu ni chumba na chombo pia, na mfasiri hulazimika kuandika "bafu la bafuni". Sinki lisifukuzwe, maana limekwisha kuwa la kwetu, bali lifungiwe katika kunawia na kuoshea vyombo. Karo hatuthubutu kulinyanyua kutoka shimoni. Kwa ile kona ya bomba inayoshika maji ya kuzuia harufu, ambayo baadhi ya mafundi huiita trapu, twaelekea kwenye "shingo", kwa kuwa vyombo vingi vyetu vina shingo na kazi yake yaonekana kwa macho.

Limebaki moja, nalo ndilo kubwa, kwa sababu ndilo lililotuponza katika kisa cha shule: chombo chenyewe cha choo, cha kukaa na cha kuchuchumaa. Sisi tulipendekeza "bakuli la choo". Kwa umbo lafaa, na lingekumbusha bakuli la birika la Lamu. Kijana alilipeleka Mbweni, likakataliwa na wote bila ya mjadala. Bakuli ni la kulia, walisema, na mtu hatakula tena mchuzi kwa raha. Mmoja wetu akataja "chungu cha choo". Likakataliwa kwa hoja ile ile, tena kwa sauti kubwa zaidi. Kina mama wenyewe walipotakiwa kutaja la kwao walisema tu "choo", ambalo ni chumba, kitendo na kitu kwa pamoja, na halitamsaidia mwandishi wa orodha ya vifaa.

Wasomaji wenye neno, hasa walioko Pemba, Tumbatu na mwambao wa kaskazini ambako nyumba za mawe bado zinakaliwa, tunawaomba watuandikie, wakieleza walilisikia wapi na kwa nani. Kijana anatakiwa kurudisha kazi yake chuoni mwisho wa muhula. Karatasi ya tatu, yenye chombo cha choo, imekamilika kwa vipimo vibichi na vilivyoiva, na mahali pa jina ameacha mstari mtupu.